Ukimwogopa kicheche, usimlaze kuku chumbani kwa mtoto

Kihurio. Jua linapozama nyuma ya milima ya Upare Kusini, kuku wa kienyeji hurudi nyumbani wenyewe bila kuitwa. Kazi inayobaki kwa mama mwenye nyumba ni kuamua watalala wapi.

Wakilala juu ya mti, asubuhi huenda akakuta manyoya. Wakilala kwenye banda la fito lililochoka, kicheche atapata tundu la kupenya. Ndiyo maana familia nyingi za vijijini huona heri kuku waingie ndani, walale jikoni, sebuleni au hata chini ya kitanda cha watoto.

Kuku wanaamka salama. Lakini mtoto anayetambaa anaamkia sakafu yenye kinyesi, na hasara yake haionekani asubuhi ile. Huonekana baada ya miezi, anapoharisha mara kwa mara na asipoongezeka urefu kama inavyotakiwa kwenye kadi ya kliniki.

Mzazi hana sababu ya kuchagua kati ya kuku na afya ya mtoto. Vyote viwili vinalindika, na gharama yake mara nyingi ni ndogo kuliko thamani ya kuku wanaopotea kwa mwaka.

Kati ya mlima na hifadhi

Kihurio ni kata ya wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro. Ipo kwenye tambarare inayopitiwa na barabara itokayo Same kupitia Kisiwani, Maore na Ndungu kwenda Bendera na Mkomazi. Upande mmoja imeegemea milima, ambako hutoka maji yanayolisha mashamba ya mpunga. Upande wa pili kuna Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 kabla ya kupandishwa hadhi mwaka 2008.

Jina la hifadhi huwafanya watu wafikirie tembo na simba. Lakini wanaomaliza kuku ni wadogo, na wengi wao hawatoki hifadhini. Wanaishi kwenye vichaka vya mipaka ya mashamba, kingo za mifereji, mashimo ya vichuguu na nyumba zilizoachwa.

Mchana adui mkuu ni mwewe na kipanga kutoka juu, na nguchiro kutoka chini. Usiku ni zamu ya kicheche, kanu, fungo, paka pori na nyegere. Nyoka na kenge hufuata mayai na vifaranga. Panya naye, ambaye wengi humsahau, hubeba vifaranga wa siku chache bila kuacha alama.

Hasara inavyoingia jikoni

Kuku mmoja wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mzunguko, na huatamia kwa siku 21. Tuseme mama amemwekea kuku wake mayai 12, yakaanguliwa 10. Mwewe akichukua mmoja kila baada ya siku tatu, mwezi ukiisha vifaranga wote 10 wamekwisha, na mtetea aliyetumia karibu miezi miwili kuatamia na kulea hajaacha kitu.

Kwa familia nyingi, kuku ndiye akiba ya mama. Ndiye anayeuzwa daftari zinapohitajika, nauli ya kwenda hospitali inapokosekana, au mgeni anapobisha hodi jioni. Ng'ombe ana kikao cha ukoo, lakini kuku mama humuuza bila kuomba ruhusa ya mtu. Kuku wakiisha, uhuru huo mdogo wa mama nao unaisha.

Vilevile yai ni chakula cha mtoto. Kwa mujibu wa Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022, watoto watatu kati ya kila 10 walio chini ya miaka mitano nchini wana udumavu. Kiwango hicho kimeshuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16, lakini bado ni kikubwa.

Soma alama kabla ya kulaumu

Kila mnyama huacha saini yake. Anayeisoma anajua atumie fedha yake kwenye nini.

Kuku au kifaranga akitoweka mchana kweupe bila damu wala manyoya, mshukiwe mwewe. Ukikuta manyoya yamenyonyolewa na kutawanyika mahali pamoja palipo wazi, ni ndege mkubwa aliyekula hapohapo.

Ukikuta kuku kadhaa wamekufa usiku mmoja, wameng'atwa shingoni au kichwani na wengi hawajaliwa, ni kicheche au jamaa zake. Watu husema ana roho mbaya. Ukweli ni kwamba kuku wanaopapatika ndani ya banda dogo humchochea mnyama kuendelea kuua, kwa kuwa hawana pa kukimbilia.

Mayai yakitoweka mazima bila ganda, mtazame nyoka. Ukikuta maganda yaliyovunjwa na ute umemwagika, anza na nguchiro, kenge au panya. Na mlango ukiwa umefunguliwa vizuri na kuku wote hawapo, mwizi huyo ana miguu miwili, na dawa yake ni kufuli.

Yupo muuaji mwingine asiyeacha alama ya meno, naye ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku aliyeanza kuugua huzubaa, huburuza mbawa na hushindwa kukimbia, hivyo ndiye mwewe humchukua kwanza. Familia huhesabu kuwa ni mwewe, kumbe ugonjwa umeshaingia bandani.

Kwa nini kuku asilale ndani

Kuku mwenye afya njema kabisa anaweza kubeba tumboni bakteria kama kampilobakta na salmonela bila kuonyesha dalili. Kinyesi chake kikibaki sakafuni, mtoto anayetambaa hukishika, kisha hupeleka mkono mdomoni. Nchini Zimbabwe, watafiti waliokaa vijijini wakiwatazama watoto wadogo wakicheza uani waliwaona baadhi yao wakila udongo na hata kinyesi cha kuku.

Si lazima mtoto aharishe ndipo adhurike. Wataalamu wa lishe wanaeleza kuwa mtoto anayemeza vijidudu vya kinyesi kila siku anaweza kupata uvimbe wa muda mrefu kwenye utumbo. Hauumi wala hauleti homa, lakini utumbo hushindwa kufyonza vizuri chakula. Mama analisha, mtoto anakula, lakini urefu hauongezeki.

Mwaka 2016, watafiti Derek Headey na Kalle Hirvonen walichapisha uchambuzi wa takwimu za kaya za vijijini nchini Ethiopia. Waligundua mambo mawili yanayoonekana kupingana. Watoto wa kaya zenye kuku walikuwa na urefu mzuri zaidi kwa umri wao kuliko wa kaya zisizo na kuku. Lakini pale kuku walipolazwa ndani ya nyumba ya kuishi, hali iligeuka: kulaza kuku ndani kuliendana na watoto kuwa wafupi zaidi.

Somo kwa mzazi liko wazi. Fuga kuku, ila watenge na mahali mtoto anapolala, anapokula na anapochezea.

Kujenga banda peke yake hakumalizi kazi. Jaribio lililofanyika pembezoni mwa jiji la Lima, Peru, lilionyesha kuwa familia zilizopewa mazizi ya kuku hazikupunguza kuharisha kwa watoto kunakosababishwa na kampilobakta. Banda huweka kinyesi mahali pamoja, hivyo mtoto akiachwa aingie humo, au mtu mzima akitoka humo na kwenda kupika bila kunawa, hatari inabaki palepale.

Banda linalomshinda kicheche

Banda la usiku halihitaji matofali. Nguzo za miti, mabanzi au fito, na mabati au nyasi za kuezekea vinatosha, mradi mambo machache yazingatiwe.

Linyanyuliwe kutoka ardhini, kama mita moja hivi. Kila nguzo izungushiwe kipande cha bati laini ili panya, kicheche na nyoka wateleze wanapojaribu kupanda. Ngazi ya kupandia kuku iondolewe kila jioni baada ya kuku wa mwisho kuingia.

Matundu ndiyo yanayowaponza wengi. Kicheche na nguchiro hupenya mahali ambapo mtu hadhani mnyama anaweza kupita. Wavu wa kawaida wa kuku una macho makubwa na nyoka mwembamba hupita. Kwenye madirisha na sehemu za hewa weka wavu wenye macho ya nusu inchi. Usiku mmoja, mtu mmoja aingie ndani na tochi na mwingine abaki nje: panapotoka mwanga, panaingia adui.

Sakafu iwe ya fito au mabanzi yaliyoachana kidogo ili kinyesi kidondoke chini. Hapo chini pazungushiwe uzio ili watoto wasifike. Kinyesi hicho kikichanganywa na majani na kuachwa kioze vizuri, ni mbolea nzuri ya mchicha na mboga nyingine za bustani.

Mita moja ya mraba inatosha kuku watano hadi saba. Wakibanana sana huchomana joto, huambukizana magonjwa na huanza kudonoana.

Banda liwe karibu kiasi cha kusikia kelele za kuku usiku, lakini mbali na mlango wa jikoni na sehemu ya kuchezea mtoto. Fyeka majani marefu kulizunguka kwa hatua 10 hivi, maana kicheche hapendi kuvuka mahali peupe. Mabaki ya chakula na utumbo wa kuku aliyechinjwa vizikwe, kwa kuwa harufu yake ndiyo mwaliko wa kwanza.

Anayetoka kufagia banda anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chungu au mtoto, na kandambili za bandani zibaki bandani.

Mwezi wa kwanza wa kifaranga

Wahenga walisema mwana wa kuku hafundishwi kuchakura. Kweli, siku ya kwanza tu anachakura. Lakini kumkimbia mwewe huchukua muda kujifunza, na katika muda huo ndipo wengi hupotea.

Njia iliyo rahisi ni tenga kubwa. Koo na vifaranga wake hufunikwa chini ya tenga mchana kwa wiki tatu au nne za kwanza, wakipewa pumba, chenga za mchele, mchwa, majani laini na maji safi kwenye chombo kifupi kisichoweza kuwazamisha. Tenga lihamishwe kila siku ili wasikae juu ya kinyesi chao, na juu yake liwekwe jiwe ili nguchiro asilipindue.

Wakianza kutoka, watoke jua likiwa limepanda na watu wapo uani. Kuku wa kuzurura anahitaji mahali pa kujificha. Miti mifupi ya kivuli, shina la mwembe lenye matawi yaliyoinama, au kichanja cha miba cha urefu wa goti huwapa vifaranga pa kukimbilia mama yao anapotoa mlio wa hatari.

Baadhi ya wafugaji hutundika sidii za zamani au vipande vya bati vinavyong'aa. Husaidia siku chache, kisha mwewe huzoea. Kanga wakichanganywa na kuku ni walinzi wazuri, kwani hupiga kelele kali wanapoona mnyama asiye wa kawaida. Jogoo mkubwa naye husaidia, hivyo usiwachinje majogoo wote sikukuu.

Watoto wa shule wanaweza kupewa kazi ya kuhesabu kuku jioni na kuandika kwenye daftari. Wiki mbili za hesabu hiyo zitaonyesha kuku wanapotea saa ngapi na upande gani wa shamba. Ila kazi ya kumkimbiza mnyama isiwe ya mtoto, na hakuna sababu ya kumtoa darasani ili akalinde vifaranga.

Usitege sumu

Mtu aliyepoteza kuku sita usiku mmoja huwa na hasira. Ndipo wengine huchukua dawa ya wadudu ya shambani, wakapaka kwenye nyama au yai na kutega njiani. Hilo ni jambo la hatari kuliko kicheche mwenyewe.

Sumu haichagui. Anaweza kula mbwa wa jirani, kuku wako mwenyewe, au mtoto wa miaka miwili anayeokota kila anachokiona. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 nayo inakataza kuua wanyamapori kwa sumu.

Mtoto aliyekula au kushika dawa ya wadudu anaweza kutokwa na mate na machozi mengi, kutapika, kutoka jasho, kutetemeka na kupumua kwa shida. Usimtapishe wala usimpe maziwa au mafuta. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, kisha mkimbize hospitali ukiwa na chupa au pakiti ya dawa hiyo ili mganga ajue anatibu nini.

Kuna sababu nyingine ya kuwaacha wanyama hawa waishi mbali na banda lako. Nguchiro, kanu, kicheche na bundi hula panya. Kwenye eneo la mpunga hilo si dogo. Wilaya jirani ya Lushoto ilisumbuliwa na milipuko ya tauni kuanzia mwaka 1980, ugonjwa unaotokana na viroboto wa panya. Na mwaka 2022, homa ya mgunda, inayoenezwa kwa mkojo wa panya na wanyama wengine, iliua watu watatu mkoani Lindi. Banda imara humzuia kicheche asiingie, halafu anaendelea kukuwindia panya bila malipo.

Mtoto aking'atwa

Mbweha, nguchiro na mbwa wanaweza kubeba kichaa cha mbwa. Mnyama wa porini anayeingia uani mchana bila woga, anayepepesuka au kung'ata ovyo, asisogelewe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na wanne kati ya kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, kinga ipo.

Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, osha jeraha hapohapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, bila kupaka majivu, mafuta wala dawa ya meno. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Mbwa wa nyumbani, ambaye ni mlinzi mzuri wa kuku, achanjwe kila mwaka.

Kuhusu nyoka, mwiko wa kwanza ni kuingiza mkono kwenye kiota bila kuona. Watoto wafundishwe kumulika na kugusa kwa kijiti kabla ya kuokota mayai. Swila akitema mate machoni, osha macho kwa maji mengi safi kisha nenda hospitali. Mtoto akiumwa na nyoka, mtulize, mvue bangili na viatu, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na apelekwe hospitali kwa kubebwa. Usichanje, usinyonye jeraha, usifunge kamba kwa nguvu.

Tone moja kila miezi mitatu

Banda zuri litakuwa kazi bure kama mdondo utaingia, kwani ugonjwa huu unaweza kumaliza karibu kuku wote wa kaya ndani ya siku chache, na hauna tiba.

Chanjo yake inayostahimili joto, aina ya I-2, inatengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Hutolewa kwa tone moja kwenye jicho kwa kila kuku, kisha hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja huchanja kuku wengi kuliko walionao kaya moja, hivyo majirani wakichanga na kuchanja siku moja gharama hushuka na kinga huenea kijiji kizima. Mtu wa kumwona ni ofisa mifugo wa kata.

Wanaochanjwa ni kuku wazima tu. Aliyekufa kwa ugonjwa azikwe au achomwe, asiliwe wala kutupwa porini, maana atawavuta mbweha na mbwa karibu na nyumba.

Yai la kwanza liwe la mtoto

Kuku wakishapona mwewe, kicheche na mdondo, kuna jambo moja la mwisho la kuamua nyumbani: nani anakula mayai. Mara nyingi yote huuzwa au huwekwa yaatamiwe, na mtoto hubaki na uji mtupu.

Jaribio lililofanyika Ecuador na kuchapishwa mwaka 2017 liliwapa watoto wa miezi sita hadi tisa yai moja kila siku kwa miezi sita, na udumavu ulipungua kwa asilimia 47. Jaribio kama hilo nchini Malawi halikuonyesha tofauti ya urefu. Kwa hiyo yai si muujiza, ila linabaki chakula chenye protini, mafuta na madini ambayo mtoto wa uji na ugali hukosa.

Mtoto akitimiza miezi sita anaweza kuanza kula yai lililoiva kabisa, kiini na ute, likipondwa kwenye uji mzito, wali laini au makande yaliyosagwa, huku akiendelea kunyonya. Yai bichi au la kuiva nusu asipewe.

Mwenye mitetea mitatu anaweza kupanga hivi: mmoja aatamie ili kundi lisiishe, mayai ya wa pili yauzwe, na ya wa tatu yabaki jikoni kwa ajili ya mtoto na mama anayenyonyesha. Mpango huu uzungumzwe na baba pia, tena mapema, kabla mnunuzi hajapita na baiskeli yake kukusanya mayai.